Rehani Iliyobaki Kitabuni

Tarehe 3 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kazi zikikuendea vizuri. Sisi hatujambo. Babu anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni vumbi la vitambaa, si ugonjwa.

Utashangaa kupata barua yenye mwandiko usioujua. Mimi ni binti wa kaka yako, yule mkubwa. Mara ya mwisho uliniona nikiwa na miaka mitano, na Baba anasema siku uliposafiri nilijificha nyuma ya pazia mpaka ukaondoka. Sasa nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, na kusema kweli bado najificha, ila siku hizi ni nyuma ya kitabu. Naishi kwa Babu kwa sababu shule iko karibu. Baba na Mama wako mbali kikazi, huja mwisho wa mwezi.

Anwani yako nimeitoa kwenye boksi la shuka ulizotutumia zamani. Namba yako ya simu haipatikani, na hata ingepatikana, mimi kwenye simu sauti hunikauka. Kwa kalamu najitahidi.

Shangazi, nakuandikia kwa ajili ya nyumba.

Mwezi uliopita Babu aliamua kubadilisha jina la nyumba. Anataka iandikwe kwa majina yenu wawili, wewe na Baba, angali ana akili zake na meno yake. Alivaa shati la mikono mirefu, akatoa hati kwenye sanduku la bati, tukaenda ofisi ya ardhi. Dirisha la tatu yupo karani mmoja, dada mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Aliichukua hati, akafungua daftari kubwa kama meza, akawa anafuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mzee, hii nyumba ina rehani."

"Ilikuwa nayo," Babu akasema. "Nilikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, nikamaliza miaka sita iliyopita. Ndiyo maana hati ninayo. Ningekuwa nadaiwa wangenirudishia?"

"Hati unayo, sikatai. Lakini humu kitabuni rehani haijafutwa. Nyumba bado imefungwa."

"Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Nimelipa. Sasa mnataka ninywe dawa mara mbili?"

Foleni nzima ikacheka. Karani naye akacheka, lakini kidole hakukiondoa. Akatuonyesha tangazo lililobandikwa ukutani.

Nimelinakili lote, ila kwa kifupi ni hivi. Kile chama kilikufa miaka miwili iliyopita. Mahakama imemweka mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali za chama na kukifunga kabisa. Kila nyumba ambayo rehani yake bado imo kitabuni inahesabiwa kuwa inadaiwa. Mwenye ushahidi kwamba alimaliza kulipa aupeleke kabla ya tarehe 30 Aprili. Ikipita tarehe hiyo, madeni yaliyobaki yatauzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, na kampuni hiyo inaweza kuzipiga nyumba mnada.

Nyumba yetu ipo kwenye orodha. Ni ya kumi na saba.

Babu anazo risiti zote za malipo ya kila mwezi, kazitunga kwenye uzi kama shanga. Inakosekana moja tu, ile ya mwisho, ya fedha uliyotuma wewe kumalizia deni. Nilipomuuliza iko wapi akajibu, "Iko huko aliko yule wa ng'ambo," kisha akaanza kukanyaga cherehani. Akikanyaga namna ile hata paka huhama chumba.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kama unayo, tafadhali tutumie. Sijui ni nini kilitokea kati yako na Babu. Hakuna anayeniambia, na sitauliza.

Samahani kwa barua ndefu. Nimeiandika mara nne, na hii ndiyo fupi.

Binti wa kaka yako


Tarehe 17 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima, na nimefurahi kusikia kwamba unasoma.

Unasema hutauliza, lakini umeshauliza. Basi nikujibu mara moja tusisumbuane.

Nilipotaka kuja huku, Babu yako aliweka nyumba rehani ili nipate ada ya chuo na nauli. Wema huo siukatai. Nikaja, nikasoma, nikapata kazi kwenye chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji, kazi ya kusimama zamu nzima. Miaka sita iliyopita nilituma fedha yote iliyobaki kwenye deni, kwa mkupuo. Babu yako akaniambia kwa simu, "Nimelipa, mwanangu. Nyumba iko huru." Nililia kwa furaha mbele ya wenzangu, glavu mkononi.

Miezi minne baadaye nilimwomba rafiki yangu wa shule, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo ofisi ya ardhi, aniangalizie. Akaniambia rehani ipo palepale. Nikampigia Babu yako, nikamuuliza kwa upole. Akasema amelipa. Nikauliza tena, akasema, "Unaniita mwongo?" Nikakata simu. Mwezi ule ule nikabadilisha namba.

Ninyi huko mnasema risiti imekosekana. Mimi nasema fedha ililiwa. Sina risiti, na siwezi kuwa na risiti ya deni ambalo halikulipwa.

Wewe soma vitabu vyako. Haya ni mambo ya wakubwa.

Shangazi


Tarehe 4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe mzima, na miguu isikuume kwa kusimama. Sisi tu wazima. Kikohozi cha Babu kimepungua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nilikasirika, naomba radhi. Mara ya pili nikaona kwamba ningekuwa wewe, nami ningeamini hivyo hivyo.

Umeniambia nisome vitabu, nami nimesoma. Ofisi ya ardhi wana kijitabu cha kusomea palepale kwenye benchi, hakiruhusiwi kutoka nje. Nimekwenda siku tatu baada ya shule. Siku ya tatu yule karani alinitolea kiti, akasema, "Wewe mtoto, ukikimaliza hicho uje unifundishe."

Nilichoelewa ni kwamba kulipa deni na kuondoa rehani ni mambo mawili. Unapokopa, nyumba inafungwa kwenye daftari la serikali. Unapomaliza kulipa, daftari halijui. Mkopeshaji anatakiwa atie saini hati ya kuachilia rehani, na hati hiyo lazima ifikishwe ofisi ya ardhi iandikwe. Usipoifikisha, huwezi kuuza, huwezi kuhamisha jina, na mkopeshaji akifa au akiuzwa, anayechukua vitabu vyake anakuta unadaiwa. Wakati huo waliokuwa wakikujua hawapo tena, na kuipata saini yao huenda ukalazimika kwenda mahakamani. Nilimuuliza karani kama watu wengi husahau. Akasema, "Mdogo wangu, wengi. Mtu akishapewa hati yake anaibusu, anaifungia, basi. Ile karatasi nyingine haiji hapa kwa miguu yake."

Nilirudi nyumbani, nikamkuta Babu anakata sare. Kwa kuwa kumtazama usoni naogopa, nilizungumza na mkasi.

"Babu, siku ile chama walipokurudishia hati, walikupa na karatasi nyingine?"

"Walinipa. Karatasi ngumu, nzuri, ina muhuri mkubwa. Yule kijana wa chama akasema hii inaonyesha rehani imekwisha. Nikamshukuru."

"Alikwambia uipeleke ofisi ya ardhi?"

"Alisema maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshika hati ya nyumba yangu, ningemsikia saa ngapi?"

"Iko wapi sasa?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Kisha akainua macho polepole, akatazama ukutani, kwenye ule msumari anaotundika vigezo vyake vya kukatia nguo.

Shangazi, unajua mtaa mzima humwita Fundi Kola. Kola zake hazipindi kwa sababu vigezo vyake ni vya karatasi ngumu, na karatasi ngumu ikiingia humu ndani haitoki. Nilivishusha vyote. Kilikuwa cha kumi na moja: kola ya shati la shule, saizi ya kati. Kimejaa matundu ya pini na chaki. Lakini upande wa pili kina nusu ya muhuri wa chama, na maneno yaliyochapwa, "...inaachilia kabisa na bila masharti nyumba iliyotaj...", na tarehe. Ni tarehe ya miaka sita iliyopita, wiki tatu baada ya wewe kutuma fedha.

Babu aliketi kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Nimeikata mwenyewe. Kwa mkono huu." Nikamwambia si kosa lake. Akasema, "Ni la nani, la paka?"

Nimekutolea nakala ya kigezo hicho kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, maneno yote na duara la muhuri, ili uone. Kwa miaka sita wanafunzi wa shule yetu wamevaa kola zilizopimwa kwa hati ya kuachilia rehani. Hata mimi nimeivaa ninapoandika hapa.

Nilimpelekea karani kile kipande. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akasema hakifai, kwa sababu saini ilikuwa upande uliokatwa, na ulishafagiliwa zamani. Chama hakipo tena. Aliyebaki wa kutoa hati nyingine ni mfilisi peke yake, na mfilisi anataka risiti ya mwisho.

Nilimuuliza Babu tena juu ya risiti hiyo. Safari hii hakukimbilia cherehani.

"Nilimtumia," akasema. "Alinihoji kwenye simu kama mwizi. Kesho yake nikaitia kwenye bahasha aione kwa macho yake."

"Risiti yenyewe, Babu? Si nakala?"

"Mtu akishakushuku, nakala ataiita ya kughushi. Nikatuma yenyewe. Nikaandika barua ya pili, na ya tatu. Hakujibu."

"Kwa nini hukuandika ya nne?"

"Ya nne ingekuwa kuomba msamaha. Mimi sikuiba. Niombe msamaha wa nini?"

Shangazi, barua hizo ulizipata?

Binti wa kaka yako


Tarehe 24 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba huumwi. Nasema hivyo kwa sababu kila siku posta wananiambia hakuna kitu, na mtu akisubiri huwaza mabaya.

Jana mimi na Babu tulikwenda kwa mfilisi. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na ngazi zote zinanuka mpira. Ndani kuna maboksi ya mafaili mpaka usawa wa dirisha. Mfilisi ni mwanamume mwembamba aliyekunja mikono ya shati, anapiga stepla huku anaongea, na hakuwa mkali kama nilivyomtarajia.

Babu aliweka mezani ule uzi wa risiti. Mfilisi akazipitia moja moja, hakuruka hata moja. Halafu akasema, "Mzee, wewe ni mwaminifu kuliko wateja wangu wote. Lakini daftari la miezi ya mwisho ya chama halijulikani liliko. Nililo nalo linaishia kabla ya malipo yako ya mwisho. Kwa hiyo kwenye hesabu zangu unadaiwa."

"Unaniona mtu wa kudaiwa?" Babu akauliza.

"Mimi sioni watu, Mzee. Mimi naona karatasi. Niletee risiti ile, nikutilie saini siku hiyo hiyo. Usipoileta, tarehe thelathini jina lako linaondoka na orodha."

Nilitaka kumwambia juu ya kola. Nilikuwa nayo ndani ya daftari la jiografia. Lakini nikawa natazama stepla tu mpaka tukatoka. Njia nzima nilijilaumu. Babu hakunilaumu. Alisema tu, "Leo tumepanda ngazi. Ni mazoezi."

Tangu jana hajashona. Ameketi mlangoni anatazama nyumba kwa ndani, kama mtu anayeisoma.

Kama barua zile ulizitupa, tafadhali niambie hivyo tu. Hata neno moja. Tutajua pa kuelekea, maana kijitabu kinasema kuna njia ya mahakamani, ingawa ni ndefu.

Binti wa kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Siumwi. Nilikuwa nazunguka.

Barua zile nilizipata, zote tatu. Sikuzifungua hata moja. Niliona mwandiko wa Baba, nikajiambia hizo ni hadithi za kujitetea, nikazitia kwenye mfuko wa zipu wa lile begi nililokuja nalo. Tangu hapo nimehama chumba mara mbili katika jengo hili hili, na begi nilimpa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anasafiri. Yeye naye akamwachia dada yake.

Barua yako ya pili, yenye ule mchoro, ilinikuta mlangoni natoka kwenda kazini. Nilisimama na koti mwilini nikisoma tarehe iliyo kwenye kola. Nikachelewa zamu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Nikueleze kazi yangu. Vifaa vya upasuaji tunavisafisha, tunavichemsha, tunavifunga. Lakini mkasi, hata uwe safi kiasi gani, kama sikuandika kwenye daftari kwamba umepita na kuweka jina langu, hauingii chumba cha upasuaji. Hakuna atakayeniuliza kama niliusafisha. Wataangalia daftari. Nimewahi kukesha nikirudia kuchemsha sinia nzima kwa sababu ya mstari mmoja nilioacha wazi. Sasa niambie, mimi mtu wa kazi hiyo, niliambiwa daftari la ardhi lina mstari wazi, kwa nini nikafikiria wizi kabla ya kufikiria kwamba mtu amesahau kuandika? Nimejiuliza hivyo kwa siku nyingi. Jibu nililonalo halinipendezi.

Nimemtafuta yule dada wa mwenzangu Jumapili mbili. Begi alikuwa anatilia nguo za mtoto zilizombana. Tulikung'uta kila kitu sakafuni, mtoto mwenyewe akitusaidia kutupa vitu huku na huku. Zipu ilikuwa imeshika kutu, tukaikata kwa kisu.

Zilikuwamo.

Risiti imo kwenye ya kwanza, imekunjwa mara nne. Muhuri unasomeka. Naituma leo kwa kampuni ya vifurushi, si kwa posta, na utatakiwa kutia saini ukipokea. Nimeitolea nakala tatu kabla haijaondoka mkononi mwangu. Nimekwenda pia kwenye benki niliyotumia fedha, nao wamenipa taarifa ya siku ile yenye jina la Baba na kiasi kile kile. Vyote vimo. Na nimeandika maelezo yangu kwa mkono, yakashuhudiwa na wakili.

Mwonyeshe mfilisi karatasi, kwa kuwa anaona karatasi. Na ile kola mwonyeshe. Usiogope kuitoa kwenye jiografia.

Babu yako usimpe salamu zangu. Si kwa ubaya, mwanangu. Salamu za kutumwa na mtoto hazitoshi kwa hili.

Shangazi yako


Tarehe 29 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Natumaini u mzima, na leo natumaini umeketi, maana nina mengi.

Kifurushi kilifika tarehe 15. Nilitia saini kama ulivyosema. Babu aliichukua risiti, akainyoosha juu ya meza ya kukatia, akaipitishia pasi ya uvuguvugu mpaka mikunjo ikalala. Kisha akauliza, "Alikuwa ameifungua bahasha?" Nikamweleza ukweli, kwamba umeifungua juzijuzi tu. Akatikisa kichwa. "Basi si kwamba aliisoma akakataa. Hakuisoma tu." Nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Kwa mfilisi tulikuta mlango umefungwa na kikaratasi, "Nimesafiri, nitarudi tarehe 27." Nilihesabu siku kwa vidole palepale kwenye ngazi. Usingizi ulinipotea siku zote hizo. Tarehe 27 ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio wa hesabu, nikaomba ruhusa, mwalimu akauliza sababu, nikasema, "Rehani." Akaniruhusu, nadhani kwa mshangao.

Mfilisi alikuwa amezungukwa na watu. Alipoiona risiti akaigeuza huku na huku, akalinganisha na taarifa ya benki, akasema, "Safi. Iacheni hapa, nitaishughulikia wiki ijayo."

Babu akasema, "Asante sana, mwanangu," akageuka kuondoka.

Shangazi, sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema, "Wiki ijayo ni Mei." Watu wote wakanigeukia. Nikaendelea kwa sababu kunyamaza hapo katikati kungekuwa kubaya zaidi. "Tangazo linasema kabla ya tarehe thelathini. Na wewe ulisema siku hiyo hiyo. Tulikuwapo." Kisha nikatoa kola, nikaiweka mezani. "Chama kiliiachilia nyumba hii miaka sita iliyopita. Hii ndiyo hati yake. Babu aliikata kola."

Mfilisi akaichukua, akaitazama, akaipachika shingoni mwake kuona kama kweli ni kola. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alitabasamu upande mmoja tu. "Nimefilisi vyama vinne," akasema. "Sijawahi kuona hii." Akavuta fomu, akaijaza yote kwa mkono, akatia saini mbele yetu, akamwita mwenzake ashuhudie, akapiga muhuri. Akampa Babu. "Mzee, hii usishonee."

Babu akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti, tukashuka ngazi, naye akashika njia ya nyumbani.

"Babu," nikasema, "ofisi ya ardhi iko upande huu."

Alisimama barabarani akacheka mpaka akaanza kukohoa, akanishika bega. "Tabia ya mtu haibadiliki," akasema. "Ningeitundika tena msumarini."

Foleni ilikuwa ndefu, wakafunga hatujafika dirishani. Tukarudi jana. Karani wa dirisha la tatu alipotuona akavaa miwani kabla hatujafungua mdomo. Alilipisha ada ndogo, akasoma hati, akafungua daftari kubwa. Akaandika polepole kwenye ule mstari wetu: rehani imefutwa, tarehe, namba ya hati, saini. Akagonga muhuri. Babu akaomba aone. Si desturi, lakini karani aliligeuza daftari upande wetu. Babu alisogeza uso karibu kabisa, akasoma kwa midomo.

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Ni hilo tu, Mzee."

"Mstari mmoja."

"Mali bila daftari, Mzee..." karani akaanza, na foleni ikammalizia, "...huisha bila habari!"

Niliomba nakala iliyothibitishwa ya ukurasa ule, kijitabu kinashauri hivyo. Moja naiweka humu kwa ajili yako. Nyumba haidaiwi na mtu yeyote, Shangazi. Unaweza kuisoma mwenyewe.

Halafu Babu akasema tuendelee na lile lililotuleta mwanzo, la majina yenu. Karani akaeleza kwamba wote wawili wanaoandikwa lazima wafike mbele ya msajili, na picha, na alama za vidole. Baba anaweza kuja mwisho wa mwezi. "Na huyu wa pili?" akauliza. Babu akakusanya karatasi zake, akasema, "Tutaacha nafasi yake."

Leo ameanza kushona tena. Mimi hesabu nitaifanya Ijumaa, na sijasoma chochote.

Binti wa kaka yako, akupendaye


Tarehe 13 Mei

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kikoje? Usiniambie ni vumbi. Nenda ukapimwe, mjukuu wako ataandika majibu yote na kunitumia.

Barua hii nimeiandika kwako. Mwambie asiisome kwa sauti kwanza. Mpe kitabu, atanyamaza.

Nimezisoma zile zako tatu, na sasa nazijibu, nimechelewa miaka sita. Uliuliza kama chumba changu kina dirisha. Kinalo, ila linatazama magari yaliyoegeshwa. Ulisema kama nina shida ya fedha nisione aibu kuomba, wakati huo mimi nakushuku kwa fedha hiyo hiyo. Mahali hapo nilishindwa kuendelea, nikalala, nikamalizia asubuhi. Uliuliza kama watu wa huku wananisalimu. Kazini wananisalimu. Kwenye ngazi, hapana. Na kwenye ya tatu hukuuliza kitu, uliandika habari za mvua ukurasa mzima. Nilikuelewa, Baba.

Ukurasa wa daftari nimeupokea. Nimeusoma nikiwa nimesimama jikoni, nikausoma tena kwenye basi.

Siku niliyoifungua bahasha nilifuta moyoni yote niliyoyasema juu yako. Nikafikiri imetosha. Lakini wewe hukuwa ukijua, na kaka hajui, na wale niliowaambia kwamba baba yangu alikula fedha zangu bado wanaamini hivyo. Wawili kati yao nimeshawapigia simu. Waliobaki wako huko, nitawaendea mmoja mmoja.

Wewe nitakwambia mbele ya macho yako. Nimeomba likizo, wamenipa wiki tatu kuanzia tarehe 2 Julai. Mwambie karani wa dirisha la tatu kwamba yule wa pili anakuja kuweka vidole vyake.

Ndege inatua tarehe 3, saa nne asubuhi. Usije uwanjani, utachoka. Najua utakuja.

Binti yako